Gita la Mataruma

Jana mjukuu wangu aliniletea penseli nimchongee. Nilipoizungusha kwenye wembe, maganda yaliniangukia mapajani na harufu ya mtarakwa ikanipanda puani kabla sijajiandaa, nikafyonya. Mtoto akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, nimekosa?" Nikamwambia hajakosa, ni hiyo mbao tu. Hakuelewa, na simlaumu. Hakuna mtu anayekasirikia mbao isipokuwa aliyelelewa na baba yangu.

Tulikaa Nakuru, kwenye landhi za reli, zile nyumba za chumba kimoja zilizopangwa mstari kama mabehewa, jikoni nje, bomba la maji la wote kule mwisho. Wa rika langu mnazijua, na mnajua jinsi jirani alivyoweza kukuambia ulichokula jana. Baba alikuwa nyapara wa genge la reli. Yeye na watu wake waliitunza njia kutoka stesheni yetu kuelekea Elmenteita: kukaza bolti, kusawazisha kokoto, kubadilisha mataruma yaliyochoka, vile vyuma vilivyolala chini ya reli na kuzishika zisitanuke. Jioni alivua buti, akala, kisha akaingia katika kibanda alichojijengea kwa mabati makuukuu kando ya jikoni, akaanza kuranda mbao. Hakuwa seremala. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa, alipenda tu. Alitengeneza viti ambavyo mguu mmoja ulikuwa mfupi, na meza iliyomwaga chai upande mmoja. Mama alisema kwamba kila kitu cha Baba Nekesa lazima kiwekewe kijiwe chini. Nekesa ndiye mimi.

Kitu cha pili alichokipenda ni gita. Alikuwa na gita kavu la dukani, lisilotumia stima, lililoning'inia msumarini juu ya kitanda. Kusema kweli baba alikuwa na vidole, lakini sikio hakuwa nalo. Sikio lilikuwa la mama. Mama aliongoza kwaya huko kwao kabla ya kuolewa, na wanasema alimkubali baba kwa sababu alichoka kumsikia akipiga vibaya. Baba alipokaa mlangoni na gita lake, mama alikuwa jikoni anasonga ugali, mgongo kamgeuzia, na waya mmoja ulipolegea kidogo tu alipaza sauti bila hata kuangalia.

"Haiko sawa!"

Baba alizungusha kifungo.

"Bado."

Alizungusha tena.

"Umepita. Rudi. Rudi kidogo. Sasa."

Hiyo "sasa" ndiyo iliyofungua wimbo. Mimi nilidhani magita yote hukazwa hivyo, kwamba kila nyumba yenye gita lazima iwe na mama jikoni. Baba alilalamika kwamba anasumbuliwa, kwamba mtu hawezi hata kupumzika nyumbani kwake. Lakini siku mama alipokwenda sokoni, hakuligusa.

Kisha akazaliwa ndugu yangu Barasa, na nyuma yake ikaja homa. Mama alilazwa hospitali, akachomwa sindano, akanyweshwa kwinini mpaka ngozi ikabadilika rangi. Aliporudi alikuwa amekonda, na alishika kichwa akisema kuna gari moshi linapita masikioni na halifiki mwisho. Gari moshi hilo lilikuwa likiondoka na masikio yake. Daktari alikuwa amemwambia baba wazi: yatafunga polepole, labda kabla ya mvua nyingine, na hakuna dawa. Baba hakuniambia. Alidhani mtoto akijua landhi nzima itajua, na wanawake wa bombani wataanza kusema mama amerogwa. Labda alikuwa na sababu nzuri. Mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Kwa sababu mimi niliona mambo kwa macho yangu ya kitoto, na nilichoona ni mama aliyenuna. Nilimwita hakuitika. Barasa alilia kitandani, naye akaendelea kuchambua mboga kana kwamba mtoto ni wa jirani. Nilimchukua Barasa, nikamfunga mgongoni, nikampitisha mbele ya mama makusudi ili aone aibu. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Asante, mama." Nilikasirika zaidi. Mtu anayenuna na kutabasamu pamoja, nilimwogopa.

Jumapili moja Mzee Wafula alikuja kunywa chai. Alikuwa mtu wa kwetu, na ndiye aliyeshika funguo za ukumbi wa wafanyakazi wa reli, pale kulipokuwa na redio kubwa na spika yake. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda nachezea vumbi la msumeno.

"Mama Nekesa hasikii siku hizi," baba alisema kwa sauti ya chini.

"Hasikii kabisa?"

"Nikimwita mara ya kwanza, hasikii. Ya pili, hasikii. Mpaka nimguse."

"Pole, ndugu yangu."

"Lakini nimeona njia. Ile bendi ilipita kwa holi yako, na ile gita ya stima, si uliona vile ilikuwa inaingia mpaka kwa mifupa? Nitatengeneza yangu. Hiyo ikiisha, wacha nikuambie, atasikia tu."

Nyinyi mnaosoma Kiswahili mnaona shimo nililotumbukia. Neno hilo lilikuwa langu. "Huyu mtoto hasikii" ndiyo sentensi iliyotangulia mwiko nyumbani kwetu. "Mpaka nimguse" niliijua kwa ngozi yangu mwenyewe. Na mzazi akishasema "utasikia tu," ujue kiboko kiko njiani. Kwa hiyo nilielewa hivi: mama amekuwa mkaidi, baba amemchapa bila sisi kuona, haikufaa, na sasa anatengeneza kitu cha stima cha kumnyoosha.

Stima yenyewe niliijua kwa kibao. Nyuma ya stesheni kulikuwa na kijumba cha stima kilichofungwa kwa waya, na mlangoni kulichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Landhini tulitumia koroboi za mafuta ya taa. Tuliambiwa stima ikikushika haikuachi, inakukausha umesimama. Nikiwa nimechuchumaa pale katika vumbi, mkojo ulinitoka kidogo.

Kesho yake baba aliingia chini ya kitanda akatoa ubao wa kabati. Ubao huo ulikuwa mpana, wa mtarakwa mwekundu, alioletewa na mtu wa genge lake kutoka kiwanda cha mbao huko Molo, na alikuwa amemwahidi mama kabati la vyombo. Vikombe vya harusi vya mama vilikaa ndani ya boksi tangu nizaliwe. Mama alimwona akitoka nao.

"Hiyo si ya kabati yangu?"

"Nitakuletea ingine."

"Nini?"

"Ingine!"

"Ati nini?"

Baba alipunga mkono, akaenda. Alichoshindwa ni kurudia mara ya tatu kwa sauti ambayo jirani angesikia, lakini mama aliona mkono tu. Alikaa kwenye kigoda akiwa ameufunga mdomo. Siku hiyo alinuna kweli.

Basi kazi ikaanza, na sijawahi kuona kazi iliyomchukia mtu kama ile ilivyomchukia baba. Alichora umbo la gita kwa mkaa, akakata kwa msumeno mwembamba, akasugua kwa msasa mpaka likang'aa na kibanda kizima kikanuka penseli. Nilipolitazama nilikiri moyoni kwamba ni zuri. Kisha akachukua patasi achimbe shimo la kupachika shingo. Mtarakwa ni mti unaojua njia moja tu, ya kwenda mbele. Patasi ilipogonga mara ya pili, ubao ulipasuka kuanzia shimoni mpaka mkiani, sauti yake kama mtu anayerarua kitambaa. Baba alikaa chini. Mimi nilishangilia kimoyomoyo.

Akaamua kuuunga. Alipata gundi ya kwato, ile ya kuchemsha, na chombo alichokiona cha kuichemshia ni sufuria ya uji. Harufu ilifika bombani. Mama masikio yalikuwa yanamtoka lakini pua ilikuwa nzima.

"Baba Nekesa! Hiyo ni sufuria ya mtoto!"

"Nitaosha!"

"Unaniangalia tu? Nauliza, hiyo ni sufuria ya nani?"

Alioshaosha, lakini kwa muda mrefu uji wa Barasa ulikuwa na ladha ya ng'ombe. Ubao uliungika, ukapinda. Aliuwekea mawe juu kuunyoosha, ukanyooka, ukafunguka tena pale pale. Nilisikia baba akitukana mti kwa Kibukusu, lugha aliyoihifadhi kwa mambo mazito. Aliunga upya, akapigilia kibati nyuma, bati la kopo la mafuta ya kupikia, na ndivyo lilivyobaki.

Shingo aliitoa kwa mutamaiyu, ule mti mgumu wa makaa, na huo ulimlia randa mbili. Nyaya zilitoka kwenye breki za baiskeli. Chuma cha kukamatia sauti kilitoka ndani ya simu mbovu ya njiani, ile ya kuzungusha mkono, iliyotupwa stesheni: kipande cha sumaku kilichovingirishwa waya mwembamba kuliko unywele. Baba alikipachika chini ya nyaya, akanieleza kwamba kama kiliweza kubeba sauti ya stesheni masta mpaka Gilgil, kitabeba na wimbo. Nilifikiri: na stima pia itabebwa hivyo hivyo, mpaka kwa mama.

Zikabaki zile frati, vile vyuma vidogo vya kukatiza shingo ambavyo kidole hubana nyuma yake. Alizikata kwa spoki za baiskeli. Hapo ndipo unyapara ulipompanda kichwani. Genge la reli lina fimbo ya kupimia nafasi kati ya taruma na taruma, na baba aliiheshimu fimbo hiyo kuliko Katekisimu. Alichonga kijiti kidogo, akakilaza kwenye shingo, akapiga alama, akakisogeza, akapiga alama, sawasawa kutoka juu mpaka chini. Mimi nilishikilia shingo isiteleze. Gita la dukani lilikuwa limening'inia ndani ya nyumba, na nilikuwa nimelitazama maisha yangu yote.

"Baba, kwa ile ingine zinaenda zikikaribiana."

"Ile ya dukani walikosa nafasi, wakabana huku chini," alisema. "Watu wa haraka. Taruma zikibanana hivyo, gari itaenda wapi?"

"Lakini hii si reli."

"Nekesa. Shika vizuri."

Ningeweza kuacha hapo, lakini nilikuwa nimelimeza jambo siku nyingi, nikamuuliza mama amekosa nini. Akasema mama hajakosa kitu.

"Sasa mbona unataka asikie?"

Baba aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hula. "Si ni vizuri asikie?"

"Hata kama hajakosa?"

"Akikosa inahusu nini? Nataka asikie. Nimechoka kukaa na mtu hasikii." Akainama, akaendelea kupiga alama. Mimi nilishika shingo ya gita na machozi yakanidondoka juu ya mutamaiyu, naye akafuta kwa kiganja akidhani ni jasho langu. Tulikuwa na mazungumzo mawili tofauti kwa maneno yale yale, na hakuna mtu mzima wa kututenganisha.

Mara ya kwanza walipolipeleka ukumbini, baba na Mzee Wafula waliliunganisha nyuma ya redio, kwenye matundu ya kuchomekea santuri. Watu walikuwa wamekaa wakingoja taarifa ya habari. Spika ilinguruma, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, kisha ukumbi wote ukazimika.

"Umeniulia redio!" Mzee Wafula alipiga kelele. "Nyapara, mimi nitafutwa kazi kwa sababu ya fimbo yako ya muziki!"

Redio haikufa, ilikata waya mmoja tu, lakini baba alirudi nyumbani na gita kwenye gunia kama mwizi wa kuku. Hakula. Mama alimwekea chakula, akakiangalia kikipoa, akamuuliza, "Unaumwa?" Baba akatikisa kichwa. Walikaa hivyo, kila mmoja na lake, na mimi nikamshukuru Mungu kwa stima kuwa mbaya.

Alitengeneza tena. Fundi wa simu wa stesheni alimwonyesha waya upi uende wapi. Wakati huo masikio ya mama yalikuwa yanakwenda mbio, na baba alianza kuonekana kama mtu anayekimbilia gari lililokwisha kupigiwa kengele. Alimwita mama kutoka nyuma, polepole, akipima. Akasogea hatua, akamwita tena. Nilimwona. Nilidhani anamvizia.

Siku ya Jumamosi baba alisema twende wote ukumbini, mama naye. Kwa sababu ya kafyu ya siku hizo, ya kutotoka nje usiku, ngoma zilipigwa mchana. Mama alikuwa anafunga kitambaa mbele ya kioo kidogo cha mlangoni, na mimi nikaona ni sasa au basi. Nilisimama nyuma yake.

"Mama, usiende."

Hakugeuka.

"Mama, usiende kwa holi! Iko na stima! Anataka kukuua!"

Alichomeka pini kwenye kitambaa. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta na Barasa akaanza kulia mgongoni kwangu. Nilimzunguka mbele, nikamshika gauni, nikapiga kelele usoni kwake. Aliniangalia mdomo, macho yamejaa huruma.

"Mbona unanong'ona, Nekesa? Sema kwa nguvu."

Nilidhani ananidhihaki. Nilimfuata mpaka ukumbini nikilia kwa hasira, kamasi zikichuruzika, na kila mtu wa landhi aliyetuona alidhani nimechapwa.

Baba alimkalisha mama kwenye kiti mbele kabisa, karibu na spika hata angeweza kuigusa. Mimi nilisimama kati yake na spika, nimemshika goti. Nilikuwa nimeamua stima ikija inikute mimi kwanza. Mzee Wafula aliwasha, akarudi nyuma hatua kadhaa akiwa ameziba sikio moja. Baba alitazama nyaya, akapiga.

Ilitoka sauti. Kubwa, nene, iliyotikisa vioo vya dirisha, na mbaya ajabu. Wimbo ulikuwa ule wake wa siku zote, wa mlangoni, niliujua toka tumboni, lakini kila kidole kiliposhuka shingoni sauti ilizidi kwenda kombo, mwishoni ikawa kama mbuzi wawili wanabishana. Mataruma yake yalikuwa yamepangika vizuri sana. Vijana walioketi nyuma wakaanza kucheka. Mmoja akasimama akacheza kama kilema, wengine wakapiga meza. Baba aliendelea. Alifumba macho akaendelea, jasho likimtoka, na kwa mara ya kwanza nikamwonea baba huruma, maana niliona hajui kwamba ni vibaya. Hakukuwa na mtu jikoni wa kumwambia.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake ulienda taratibu ukashika sanduku la spika. Paji la uso likakunjamana, likakunjamana zaidi, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ilivyo kubwa:

"Haiko sawa!"

Mkono wa baba ulisimama.

"Umesema?"

Hilo hakulisikia. Baba akapiga waya mmoja peke yake, akauacha ulie.

"Haiko sawa, Baba Nekesa. Hata kidogo. Nani alikuambia hiyo ni gita?"

Baba aligusa sikio lake mwenyewe, akamnyooshea mama kidole, nyusi zimeinuka.

"Nimesikia," mama alisema. "Kwani wewe unafikiria mimi sisikii? Nimesikia, na ni mbaya."

Baba alilala juu ya lile gita lake la bati na gundi, mabega yakitikisika, na vijana wakaacha kucheka kwa sababu hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Alisema, "Ni mbaya, eh? Ni mbaya kabisa?" kama mtu anayeongezewa mshahara. Mimi nilimvuta mama gauni. Hakukaushwa. Alikuwa mzima.

"Mama, umesikia?" nilimuuliza.

Aliinama kunitazama. "Nini?"

"Umesikia?"

"Nini, mama? Sema kwa nguvu."

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyenieleza, nilisimama katikati ya ukumbi na ndugu yangu mgongoni, neno hilo la kusikia likageuka lenyewe kichwani mwangu na kunionyesha upande wake wa pili. Nilihisi nimeonewa. Sikuwa na furaha hata kidogo wakati wale wawili wanacheka. Nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nani.

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa za kusahihisha. Baba aling'oa spoki zote, na Mzee Wafula akatufungulia ukumbi kabla ya watu kuja. Mama alikaa na spika ubavuni, gita mapajani kwake, akatelezesha kipande cha spoki chini ya waya huku baba anaupiga. Alisogeza. "Bado." Alisogeza. "Imepita." Alirudi unywele mmoja, na uso ukalegea. "Sasa." Baba akaweka alama ya penseli. Wakaenda ya pili. Nafasi zilizidi kusogeleana, kama kwenye gita la dukani.

"Hakuna reli namna hii," baba alinung'unika.

Mama alimwona midomo. "Unasema nini?"

"Nasema endelea!"

Kila Jumamosi spika ilibidi iongezwe sauti, na kila Jumamosi mama alisogeza kichwa karibu zaidi, mpaka ikawa ameegemea sanduku lenyewe na shavu. Kazi haikwenda mbio. Waya ulikatika. Chuma cha simu kililegea. Jumamosi moja kulikuwa na mkutano tukafukuzwa. Ningekuwa nimeruhusiwa, ningewashika wote vichwa nikawaambia fanyeni haraka, acheni kubishana juu ya unywele.

Kisha mvua zikaanza, na ikaja Jumamosi ambayo mama alisogeza kipande cha spoki mbele, akakirudisha, akakipeleka mbele tena, akasubiri.

"Piga," alisema.

"Nimepiga," baba alisema.

"Piga basi, Baba Nekesa."

Baba alipiga. Spika ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, madirisha yanalia, Mzee Wafula ametoka nje. Mama aliutazama mkono wa baba ukipanda na kushuka. Aliutazama muda mrefu, kisha akakitoa kipande cha spoki chini ya waya, akakiweka mapajani pake, akakilaza vizuri. Alisema twende nyumbani, kuna nguo za mtoto nje zinaloa.

Kabati halikutengenezwa kamwe. Nalisema hilo kwa sababu nalikumbuka kila nikiosha vikombe. Mama alizoea kutusoma midomo, akawa mkali wa kuona: ungeweza kusema uongo kwa sauti upendavyo, uso ndio uliokupeleka kwenye mwiko. Baba alipachika frati mahali penye alama, mpaka katikati ya shingo penye kifundo cha mti, pale Jumamosi zilipoishia. Kuanzia hapo kwenda chini aliacha patupu. Alikaa nalo mlangoni jioni, na gita la stima bila stima ni kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni, hulisikii hata ukiwa chumba kimoja nalo. Mama alikaa kando yake, kiganja juu ya ubao wa kabati lake, akimenya viazi kwa mkono mmoja na goti. Wimbo ulipofika kwenye kifundo, baba alisimama, akarudi mwanzo.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kujibizana naye, nilimwambia inaniudhi. Gita la dukani liko pale msumarini, chukua fimbo yako upime, umalizie, tusikie wimbo ukifika mwisho hata mara moja.

Baba alimtazama mama, aliyekuwa ameinamia viazi na hakujua tunaongea.

"Siwezi kuweka," alisema. "Mama Nekesa hajasema 'sasa'."